Safari ya Kampala na Stori Isiyolipwa

Nilivuka Mutukula kwa mara ya kwanza Mei 2024, nikiwa nimeshaandika habari za Kagera kwa miaka mingi. Watu wa Bukoba hushangaa wakisikia hivyo, maana kwetu Kampala iko jirani kuliko Dar es Salaam. Bibi zetu walipelekwa kutibiwa katika hospitali za Mengo na Nsambya, na wapo wazee ambao mpaka leo wanasali kwa Kiganda. Mimi sikuwa na mgonjwa wala biashara. Redioni kwetu zinasomwa habari nyingi za Uganda zilizookotwa mitandaoni, na kila niliposikia moja nilijiuliza ni nani aliyekwenda kuiona kwa macho yake. Nikaamua kwenda kuwatazama waandishi wanaozitafuta.

Basi liliondoka Bukoba alfajiri, likapita Kyaka kwenye daraja la mto Kagera ambalo majeshi ya Idi Amin yalililipua Novemba 1978, na kabla jua halijawa kali tulikuwa mpakani. Siku hizi mambo ya Mutukula ni mepesi. Ofisi za nchi mbili ziko chini ya paa moja: unagonga muhuri wa kutoka dirisha hili, wa kuingia dirisha la pili, kadi ya homa ya manjano mkononi, na nje wabadili fedha wameshakuzunguka. Wakati ule niliiona Mutukula kama mahali pa muhuri tu. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2025, mwandishi na mwanasheria wa Kampala, Agather Atuhaire, alikamatwa Dar es Salaam alikokwenda kufuatilia kesi ya mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu, na siku chache baadaye akakutwa ametelekezwa mpakani hapo hapo. Alisema aliteswa akiwa kizuizini. Nitamrejea mbele, kwa sababu kazi yake ni sehemu ya yale niliyoyakuta Kampala.

Kutoka mpakani njia ni migomba na vilima, mandhari ambayo mtu wa Kagera hana la kushangaa. Masaka, mji ulioharibiwa vibaya na vita vya 1979. Lukaya, ambako wauzaji hukimbilia madirisha ya basi na mishikaki na ndizi za kuchoma. Kayabwe, mstari wa ikweta na Wazungu wakipiga picha. Kisha Busega, na hapo foleni ikatukamata mpaka jioni. Nilitoa simu kuwaandikia nyumbani kwenye Facebook kwamba nimefika. Haikufunguka. Kijana aliyekaa pembeni yangu akaniuliza kwa Kiswahili cha kuchanganya, "Nnyabo, huna VPN?" Akaniwekea palepale, kama mtu anavyomwelekeza mgeni bomba la maji lilipo.

Facebook ilikuwa imefungwa Uganda tangu Januari 2021. Siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 14 mwezi huo, kampuni hiyo ilifuta akaunti ilizodai zinahusiana na wizara ya habari ya nchi na zilikuwa zikiendesha kampeni ya udanganyifu. Serikali ikajibu kwa kuifunga mitandao ya kijamii, na usiku wa kuamkia kupiga kura intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Mingine ilirudishwa, Facebook ikabaki nje. Kabla ya hapo, Julai 2018, kulikuwa na kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetaka kutumia WhatsApp, Twitter na mingineyo. Rais Museveni alikuwa ameandika kwamba fedha hizo zitasaidia kukabili madhara ya lugambo, yaani umbeya wa mitandaoni. Wengi wakakimbilia VPN, na mwaka 2021 kodi hiyo ikabadilishwa kuwa asilimia 12 kwenye bei ya vifurushi.

Mwenyeji wangu alikuwa dada mmoja tuliyefahamiana kwenye kundi la WhatsApp la waandishi wa mikoa ya ziwa. Baba yake alikuwa askari. Amekulia kambini, kwa hiyo Kiswahili chake hakina wasiwasi. Simtaji jina, kwa kuwa anakula kwa kazi hii na mengine aliyonieleza hayatawafurahisha waajiri wake. Anaandikia redio moja na tovuti moja, zote mbili kwa malipo ya kila stori inayotoka. Hana mkataba, hana bima, hana nauli. Stori isipotoka, hana kitu.

Asubuhi yangu ya kwanza nilikaa naye jikoni, chai ya tangawizi mezani, simu yake ikilia mfululizo. Video ilikuwa imeanza kusambaa: ghorofa limeanguka Kisenyi, watu wengi wamefukiwa. Vumbi, mayowe, mtu anakimbia na mtoto. Mhariri wa tovuti akamwandikia: wengine wameshaiweka, tuma aya tatu haraka. Dada yule hakuandika hata herufi. Aliirudisha video mwanzo, akaisimamisha, akaivuta kwa vidole viwili mpaka pembe ya chini, ambako gari la abiria lilionekana kwa nukta moja.

"Tazama ubavuni," akaniambia. Lilikuwa na mstari wa manjano. "Taksi zetu zina ukanda wa viraba vya bluu. Huu mstari ni matatu za Kenya."

Nilidhani kazi imekwisha hapo. Kwake ndiyo ilikuwa inaanza. Alisema gari la Kenya linaweza kuwa Kisenyi, na video ya uongo haimaanishi kwamba hakuna kilichoanguka. Tukapanda boda mbili. Alimtafuta mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya mtaa, akaongea na wanawake wanaouza mihogo kando ya mtaro, akapita kituo cha polisi na kusubiri ofisa amalize mazungumzo yake. Hakuna ghorofa lililoanguka. Alimpigia mhariri, nami nilisikia jibu kwenye spika: "Basi, achana nayo." Simu ikakatwa. Nauli za boda zimetoka mfukoni mwake, asubuhi imekwisha, na malipo ni sifuri. Tovuti zilizoichapa video ile bila kuuliza zilikuwa zimeshavuna wasomaji wao kufikia saa sita mchana. Mbili kati ya hizo ziliifuta jioni, kimya kimya, bila neno la kusahihisha.

Nimehudhuria mafunzo mengi ya maadili ya uandishi, ya Baraza la Habari Tanzania na mengine. Tunafundishwa kuhakiki, kubalansi stori, kulinda chanzo. Sikumbuki mafunzo ambayo mtu alisimama akauliza: yule aliyehakiki akakuta ni uongo, nani anamlipa? Mfumo wa kulipa kwa stori unamwadhibu mwaminifu na kumtunza mzembe, na intaneti imeuzidishia kasi.

Mchana tulikwenda kwenye mkutano na waandishi katika hoteli moja katikati ya mji. Shirika lilikuwa linatangaza mradi wake, hotuba zilikuwa ndefu. Mwishoni likatoka daftari la kusaini, na mezani zikapangwa bahasha. Kwetu tunaziita bahasha za khaki. Kampala wanasema ni kurudishiwa nauli. Mwenyeji wangu hakusaini, kwa sababu redio yake inakataza. Pembeni yake kijana aliyetoka Mukono kwa nauli yake mwenyewe alisaini. Sikuona uroho usoni kwake. Alihesabu, akatenga ya kurudi, akaniambia stori yake ikitoka atalipwa mwezi ujao, kama italipwa. Sheria ya Vyombo vya Habari na Waandishi ya Uganda, ya mwaka 1995, ina kanuni za maadili ndani yake, na mojawapo inamkataza mwandishi kuomba au kupokea rushwa ili achapishe au azuie habari. Ni kanuni nzuri. Ila haisemi chochote kuhusu mwenye chombo anayemtuma mtu kazini bila nauli, na kwa maoni yangu yeye ndiye anayeandaa meza ile.

Siku iliyofuata nilitaka kuona mahali ambapo nimekuwa nikipasoma tu. Tulishuka barabara ya Nane, upande wa Namuwongo, kwenye lango la Daily Monitor. Gazeti hilo lilianzishwa 1992 na kundi la waandishi, wakiwemo Wafula Oguttu na Charles Onyango-Obbo. Oktoba 2002 polisi walilifunga kwa siku kadhaa kwa sababu ya habari ya helikopta ya jeshi kaskazini mwa nchi. Mei 2013 walirudi, wakalizingira kwa zaidi ya wiki wakitafuta barua ya Jenerali David Sejusa, na redio KFM na Dembe FM zilizo katika jengo hilo zikanyamaza. Kwa nje ni lango la kawaida, na bodaboda wanasubiri abiria kivulini.

Mambo ya kushinikiza magazeti hayakuanza na utawala huu. Padri Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Kikatoliki la Munno, aliuawa Januari 1973, enzi za Amin. Rajat Neogy, mwanzilishi wa jarida la Transition, alitiwa ndani 1968 chini ya Obote. Lakini lango lile la Namuwongo lina kisa kimoja ambacho kila mwandishi wa Afrika Mashariki angepaswa kukijua kwa undani. Mwaka 1997 gazeti hilo lilichapisha habari iliyonukuu ripoti ya nje, kwamba Laurent Kabila wa Kongo aliilipa Uganda dhahabu kwa msaada wa kumweka madarakani. Onyango-Obbo na Andrew Mwenda wakashtakiwa kwa kuchapisha habari za uongo. Mwishowe waliachiwa, ila hawakuridhika na kuachiwa. Kesi ikiendelea walikuwa wamekwenda kuipinga sheria yenyewe, na waliposhindwa Mahakama ya Katiba, wakakata rufaa. Tarehe 11 Februari 2004 Mahakama ya Juu ikaifuta. Jaji Joseph Mulenga, aliyeandika hukumu kuu, alieleza kwamba haki ya mtu kusema haipotei eti kwa sababu mwingine anayaona maneno yake kuwa ya uongo. Mwaka 2010 sheria ya uchochezi nayo ikafutwa, na Januari 2023 kifungu cha mawasiliano ya kuudhi katika sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta kikafuata njia hiyo hiyo.

Nilisimama pale nikiwaza uzito wa hukumu hiyo. Dola ikiondolewa kazi ya kuamua habari ipi ni ya kweli, na naamini ni haki iondolewe, kazi hiyo inarudi mabegani mwa mwandishi na mhariri wake. Hakuna mtu wa tatu. Wao wakiitupa, madhara yake Kampala inayajua.

Oktoba 2010 gazeti dogo la mji huo lililojiita Rolling Stone, lisilohusiana na jarida la Marekani lenye jina hilo, lilichapisha picha na majina ya watu liliodai ni mashoga, pamoja na mahali wengine wanapoishi, chini ya wito wa kuwanyonga. David Kato, mtetezi wa haki za mashoga, alikuwa miongoni mwao. Yeye na wenzake wawili walikwenda Mahakama Kuu, wakashinda, gazeti likazuiwa na kuamriwa kuwalipa fidia. Januari 2011 Kato aliuawa kwa kupigwa nyumbani kwake. Mtu mmoja alitiwa hatiani, na polisi walisema mauaji hayo hayakutokana na kazi yake ya kutetea haki. Sitasema zaidi ya hapo kuhusu sababu. Kuhusu gazeti nitasema: msomaji anaweza kuwa na msimamo wowote wa dini na desturi juu ya ushoga, lakini anayeanika sura ya mtu na makazi yake na kuandika juu yake kwamba anyongwe ameacha kazi ya habari na kuingia kazi nyingine kabisa. Wakati ule ilihitajika mashine ya kuchapa kufanya hivyo. Leo anatosha mtu mmoja na simu, na nimeona video za TikTok zinazofanya hivyo hivyo kwa watuhumiwa wa wizi, kwa wake za watu, kwa wanafunzi.

Mchana huo tulipita Nasser Road, mtaa wa wachapaji. Kila mlango una mashine: kadi za harusi, mihuri, risiti, kalenda za wanasiasa, mabango ya rangi kali ya majenerali na viongozi wa dunia. Mtaa huu umezungumzwa sana pia kwa nyaraka za kughushi. Fundi mmoja, mzee mwenye wino kwenye kucha, alilalamika kwamba kazi imepungua, kwani hata barua ya uongo yenye nembo ya wizara sasa mtu anaitengeneza kwenye simu akiwa kitandani na kuituma kwa maelfu kabla mashine haijapata moto. Mwenyeji wangu akaniambia hukutana na ukurasa wa mbele wa gazeti uliobuniwa, wenye nembo sahihi na tarehe sahihi, karibu kila wiki.

Lakini ningekuwa ninaidhulumu Kampala nikiuelezea mtandao kama ugonjwa mtupu. Aprili 2023 Jimmy Spire Ssentongo, mchora katuni wa The Observer na mhadhiri wa Makerere, aliwaalika watu waweke picha za mashimo ya barabara za mji kwenye Twitter. Aliyaita maonyesho. Picha zilimiminika, na serikali ikaagiza fedha zitolewe mashimo yazibwe. Mwishoni mwa Februari 2024 yeye, Agather Atuhaire na wengine wakaanzisha maonyesho mengine, safari hii ya Bunge: nyaraka zilizovuja za posho na fedha zilizopita kwenye akaunti za wafanyakazi. Nilipofika mjini, Mei, habari hiyo ilikuwa bado inachemka kwenye taksi na mabaa. Uingereza ilikuwa imetoka tu kumwekea vikwazo Spika Anita Among, mwishoni mwa Aprili, kwa tuhuma za kunufaika na mabati yaliyokusudiwa watu wa Karamoja.

Makerere, jirani na jengo kuu ambalo liliungua Septemba 2020 na lilikuwa bado halijafunguliwa, niliketi na wanafunzi wa uandishi wa habari chini ya mti tukabishana juu ya maonyesho yale. Binti mmoja alisema magazeti yalikuwa na nyaraka za namna ile siku nyingi yakaogopa. Kijana mwingine akauliza nani alimpigia simu mfanyakazi mdogo wa Bunge ambaye jina lake na akaunti yake vilianikwa, kumsikia upande wake, maana huenda alitumwa na bosi. Swali lake lilinikaa sana. Naiheshimu kazi ya Atuhaire na Ssentongo, na walichokifichua kilikuwa mali ya umma iliyotakiwa kujulikana. Hata hivyo simu ile ya kuuliza upande wa pili lazima ipigwe na mtu, na aliyefundishwa kuipiga ni mwandishi aliyeko chumba cha habari. Wenye nyaraka na wenye ufundi wa kuhakiki wangekutana mapema zaidi, kama wenye vyombo wasingekuwa na hofu ya kupoteza matangazo ya serikali.

Hofu nyingine ni ya mwili. Februari 2021 waandishi walipigwa na askari wa polisi jeshi huko Kololo, nje ya ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, wakiwa kazini. Mwenyeji wangu alikuwa na rafiki pale. Machi 2025, katika uchaguzi mdogo wa Kawempe Kaskazini, waandishi wakapigwa tena, na safari hiyo nilimpigia simu yeye mwenyewe kuuliza kama yu salama. Alikuwa salama. Alikuwa amerudi nyumbani mapema, akaniambia, kwa kuwa hakuna aliyemwambia akivunjwa mkono atatibiwa na nani.

Nilirudi Bukoba nikidhani nimeona shida za jirani. Mei 2025 mtandao wa X ukazuiwa Tanzania. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ikazimwa na ikakaa hivyo siku kadhaa, watu wakiuawa na kuzikwa bila sisi wa habari kuweza kuthibitisha lolote kwa haraka. Iliporudi, zikaja video nyingi kwa mpigo: za kweli, za zamani, za nchi nyingine, zote zimechanganyika. Nilikaa nazo nikifanya kama nilivyoona kwenye meza ile ya jikoni Kampala, nikisimamisha, nikivuta, nikitazama mavazi na mabango, nikipiga simu mtaa hadi mtaa. Ni kazi ya saa nyingi ambayo mwisho wake mara nyingi ni kutosema kitu hewani.

Sheria mbaya zipingwe mahakamani kama Onyango-Obbo na Mwenda walivyofanya, na wanaowapiga waandishi washtakiwe. Hayo yatachukua miaka. Lipo moja ambalo halisubiri bunge wala jaji, liko mikononi mwa wenye redio, magazeti na tovuti, kwetu Kagera na kwao Kampala. Mlipeni mwandishi siku yake ya kazi na nauli yake hata akirudi bila stori, mradi aoneshe alikwenda wapi na aliongea na nani. Mkisahihisha kosa, lisahihisheni pale pale mlipolichapa, kwa maandishi yenye ukubwa ule ule.

Nawe msomaji, ukipata video ya ghorofa lililoanguka, usiisambaze mpaka umjue mtu aliyekwenda kulitazama.